Draiva ikishindwa kusoma skrini, iseme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la skrini za kompyuta maana watu wanaingia hasara bure. Mtu anachomeka monita, maandishi yanakuja makubwa yamefifia, picha imevutika pembeni, akienda kwa fundi anaambiwa kadi ya grafiki imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi wala hamna kilichokufa.

Iko hivi. Monita inabeba maelezo yake yenyewe, yanaitwa EDID, utaratibu wa VESA, ule umoja unaopanga viwango vya skrini, tangu 1994, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Humo monita inajitaja ni ya nani na inaweza saizi zipi za picha, ile inayoitaka zaidi ndo inatangulia. Draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, inayasoma kupitia kebo, inachukua hiyo ya kwanza, basi inakuwa difolti. Sasa kebo ikiwa mbovu, au kuna adapta ya ovyo katikati, au ile swichi ya kutumia monita moja kwa kompyuta mbili, maelezo hayafiki au yanafika yameharibika, na hapo draiva inakisia. Mfumo wa Linux kwa mfano ukikosa kabisa EDID kawaida unaishia nukta 1024 kwa 768, na monita ni ya 1920 kwa 1080, picha itaachaje kuwa mbaya?

Hata ikisomeka vizuri bado kuna jambo, monita nyingi za hezi 144, yaani zinazoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, zinatanguliza hezi 60 kwenye hayo maelezo, kwa hiyo mtu kalipia kasi ambayo haitumii na hana habari mpaka aingie kwenye setingi abadilishe mwenyewe. Ukishabadilisha, Windows inaweka kwenye rejista yake, GNOME, ile programu ya madirisha na menyu kwenye Linux, inaweka kwenye faili la monitors.xml pamoja na jina la tundu ulilochomeka, ndo maana ukihamishia kebo tundu jingine unaweza kukuta setingi zako hazipo.

Kinachoniuma ni ule ukimya. Linux inaandika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu zake, kwamba EDID imeharibika, lakini nani wa kawaida anafungua logi jamani? Wanaotengeneza draiva waweke ujumbe wazi pale pale kwenye skrini, kwamba nimeshindwa kuisoma monita yako, hii saizi nimekisia, angalia kebo. Na ukurasa wenu wa teknolojia uwaeleze watu hili, na mafundi nao wajaribu kebo nyingine kwanza kabla ya kumwambia mtu anunue kadi.

Msomaji wenu