Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa ile picha kubwa

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za masiku. Mambo ya ada na kodi ya chumba chetu cha Ngamiani atayasema mhazini, mi nataka niongelee ile picha ya maajabu ya viumbe mana ndo kazi kubwa tuliyofanya mwaka huu na kuna wenzetu bado haijawakaa.

Tulianzia kwa watu wa zamani waliochora wanyama wasiowaona. Mchoraji Dürer wa Ujerumani mwaka 1515 alimchora kifaru bila kumwona, kwa maelezo na mchoro wa mtu mwingine tu, akamvika mabamba kama ya chuma na kapembe ka ziada juu ya mabega, na Ulaya wakaamini hivyo miaka na miaka. Wengine huko huko walishika kwamba kuna mabata bukini wanaozaliwa na miti, kisa hakuna aliyewahi kuona viota vyao, kumbe wanataga kaskazini kabisa kwenye baridi. Na pwani yetu hii, 1415 twiga katoka Malindi kafika China wakamwona ndo yule mnyama wao wa baraka wa kwenye hadithi. Wote wamo kwenye picha, bukini tumewaning'iniza kwenye mbuyu.

Katikati yupo silikanti, yule samaki wa kale. Wataalam walidhani katoweka zamani za dinosaria mpaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini, halafu miaka ya 2000 wavuvi wa huku Tanga wakaanza kumkuta kwenye nyavu za jarife, na 2009 ikatangazwa hifadhi yake. Hapa ndo penyewe jamani: wale wengine watu waliwatia chumvi, huyu hatujamuongeza kitu na bado anawashinda wote kwa ajabu. Mapezi yake yana nyama, anayachezesha kwa kupishana kama mtu anatembea. Madoa meupe hayafanani samaki kwa samaki, ndo mana vijana wameyadondosha moja moja kwa njiti ya kiberiti, ukisogea unaona yamevimba kidogo juu ya ile bluu.

Sasa kuna mnunuzi kaleta ofa, na hali zetu nazijua, rangi imepanda na hoteli moja haijatulipa hadi leo. Mi nasema tusiuze. Tuipeleke kwanza kijijini Kigombe, wavuvi waliomshika kwa mikono yao watuambie kama tumempatia, wakisema rekebisheni tunarekebisha. Anayepinga aje mkutanoni aseme, tutapiga kura. Hadibodi tuliyochorea ni nzito ile, anayemjua mwenye kirikuu aongee nae mapema.