Harambee ya Biblia na Mafunzo kwa Viongozi wa Jumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washarika pamoja na marafiki wote wa usharika.

Tunachangisha shilingi 2,056,000. Safari hii si kwa ajili ya bati wala vyombo vya kwaya. Tunataka kuwaandaa viongozi 28, wawili kutoka kila jumuiya kati ya jumuiya zetu 14, ili waweze kuongoza somo la Biblia na maombi majumbani, na kuwapa vitabu vya kufanyia kazi hiyo.

Watu kwenye jumuiya wanakuja, na nyimbo wanaimba. Kinachokwama ni kifungu chenyewe. Yule towashi wa Kushi alikuwa na chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya mkononi, lakini Filipo alipomuuliza kama yamemwelea, alijibu kwamba hawezi kuelewa mtu asipomwongoza (Matendo 8:30–31). Chukueni Marko 4:38. Union Version, Biblia iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumekua nayo, inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Shetri ni neno la mabaharia wa pwani, maana yake sehemu ya nyuma ya chombo. Huku bara ni wachache wanaolijua, na mtu asiyelijua akisikia "mto" anawaza mto wa maji. Basi anarudi nyumbani akiamini Yesu alilala juu ya maji, muujiza ambao Marko hakuuandika. Alichoandika ni kwamba Bwana alichoka kama mtu yeyote, akaweka kichwa kwenye mto wa kulalia akalala, kisha akaamka na kuukemea upepo. Kiongozi mwenye Biblia ya tafsiri ya Habari Njema pembeni angeliona hilo mara moja, kwa kuwa humo imeandikwa wazi kuwa ni nyuma ya mashua.

Kwa hiyo kila jumuiya itapata Biblia mbili: Union Version moja ya maandishi makubwa, kwa shilingi 45,000, na Habari Njema moja kwa shilingi 20,000. Jumla ni 910,000. Maandishi makubwa ni kwa ajili ya wazee wetu na kwa ibada za jioni chini ya taa moja ya sola, ambapo herufi ndogo humfanya msomaji aruke mistari. Tutachukua za jalada gumu. Biblia za zipu zinapendeza, lakini zipu ikiharibika inaanza kuchana kingo za kurasa. Itifaki nne, yaani vitabu vya kutafutia neno liko wapi katika Biblia, moja kwa kila mtaa, ni 120,000.

Mafunzo yatachukua Jumamosi sita. Viongozi watajifunza kusoma kifungu kizima mara mbili, kila mara kwa tafsiri tofauti, kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Baada ya hapo ni maswali matatu kwa mpangilio huu: kifungu kinasema nini, kiliwaambia nini wasikilizaji wa kwanza, na kinatudai nini wiki hii. Tukianza na swali la tatu ndipo tunapopotea. Yeremia 29:11 inapendwa sana kwa ahadi yake ya amani na tumaini, ila mstari wa 10 unataja miaka 70 ya Babeli, na wengi waliosomewa maneno hayo, katika barua ya Yeremia kwa waliohamishwa, walikuwa watafia uhamishoni. Ahadi haipungui kwa kujua hilo. Inakuwa na uzito zaidi kwa mtu anayesubiri jambo ambalo huenda watoto wake ndio watakaoliona.

Kwenye maombi, shida kubwa ni muda. Kutaja mahitaji kunakula dakika 30, kuomba kwenyewe kunabaki dakika tano. Kila jumuiya itakuwa na daftari lenye safu tatu: tarehe, ombi, na siku ya kushukuru. Ugonjwa wa mtu hautaandikwa bila ruhusa yake, maana siri ikitoka kwenye maombi, mwenyewe harudi tena. Madaftari 42, pamoja na ya viongozi 28 wanaofundishwa, ni 84,000.

Jumamosi ya mwisho ni ya kutembelea wagonjwa: dakika 15 zinatosha, Zaburi fupi kama ya 121, sala, na kusikiliza kuliko kusema. Yakobo 5:14 inaagiza wazee wa kanisa waitwe wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Haimwambii mtu aache dawa, na kiongozi yeyote asithubutu kusema hivyo.

Kwa wasiosoma na wasioona tunanunua spika ndogo sita zenye kadi ya Agano Jipya la kusikiliza, 210,000. Kadi zitatunzwa na mzee wa kanisa, maana zikizunguka hovyo nyimbo zinafuta Maandiko. Nauli ya viongozi wanane wanaotoka mbali ni 192,000. Chakula cha watu 30 kwa siku sita ni 540,000, na hapa ndipo mwenye shamba anaweza kutupunguzia mzigo: kilo 30 za mchele na 15 za maharage zinatosha mafunzo yote. Mchungaji na wainjilisti watafundisha bila posho.

Bahasha za harambee ziko kwa viongozi wa jumuiya. Andika jina, jumuiya, na kitu unachochangia. Ukiandika "Biblia moja", itanunuliwa Biblia. Kuku, mayai na ndizi tutavipokea kwa mnada baada ya ibada, na mweka hazina atasoma mapato kila Jumapili. Tunaomba ahadi zikamilike kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, kwa sababu vitabu vinaagizwa wiki hiyo na somo la kwanza ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi.