Usianze na Msasa

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Mbwana,

Salaam aleikum. Picha za kamera yako ya zamani ya mbao, ile ya pleti za kioo badala ya filamu, nimeziona. Huo msasa ulionunua hapo Bagamoyo uweke kando kwanza. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa mbao mahali pa kificho. Ikianza kunata ndani ya dakika moja, basi hiyo ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na shelaki ya zamani huhuishwa kwa shelaki mpya bila kukwangua kitu.

Kazi yako iko kwenye mvukuto, ile ngozi ya mikunjo kati ya lenzi na nyuma ya kamera. Ngoja usiku, toa ubao wa lenzi, uvute mvukuto mpaka mwisho, kisha tia tochi ndani. Matundu yatajitokeza zaidi kwenye pembe za mikunjo, kwa kuwa hapo ngozi hukunjwa pande mbili kwa pamoja. Yatie alama ya chaki. Ya sindano yazibe kwa ndani na rangi nyeusi ya kitambaa iliyochanganywa na gundi nyeupe kidogo, upake mara mbili, nyepesi kila mara. Palipochanika bandika hariri nyeusi. Kitambaa kizito kitazuia kamera kufunga. Uache umevutwa saa 24, upake poda ya mtoto mikunjo isigandane, halafu uifute yote kwa brashi, isije ikatua kwenye pleti na kuacha vidoti. Utepe wa mafundi umeme usithubutu! Kwa joto la pwani gundi yake huchuruzika, na siku ya kuukunjua mvukuto utauchana.

Skrubu usizichanganye. Chora kamera kwenye boksi, chomeka kila moja mahali pake. Iliyoganda, iguse kichwani kwa kile chuma cha moto cha mafundi redio nusu dakika, ipoe, ndipo utie bisibisi inayojaa mfereji wote. Tundu lililolegea jaza kijiti cha meno na gundi ya mbao. Shaba isugue ikiwa imeshatolewa, maana Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, ikiingia kwenye mbao huacha weupe mbaya.

Kioo cha ukungu, kile cha nyuma cha kutazamia fokasi: upande wenye mkwaruzo utazame lenzi. Kikigeuzwa, kioo cha milimita 2 huhamisha fokasi kwa zaidi ya milimita moja. Kwenye f/32, tundu la lenzi likiwa dogo, hutagundua. Lifungue hadi f/8 uone picha ilivyolegea. Uso huo lazima ukae kina kilekile cha pleti ndani ya kibebeo chake, kwa hiyo pima kibebeo kikiwa na pleti ndani.

Shelaki ni ya mwisho, gramu 12 kwa mililita 100 za spiriti, na siku kavu tu. Wakati wa masika unyevu hunaswa ndani, inakuwa nyeupe kama tui. Reli ambazo kamera huteleza juu yake zipake mshumaa. Mafuta yatakusanya mchanga.

Nitumie vipimo vya kibebeo kabla hujakata kioo. Inchi 4¾ kwa 6½ ndiyo nusu-pleti, lakini fremu za zamani huwa zimepinda.

Wasalaam,
Mhina