Kwa nini Baraka bado hapokei wageni

Mwanangu Zawadi,

Salamu kutoka Temeke. Hatujambo, ila mvua imeanza na njia ya kwetu imeshakuwa dimbwi. Umeniuliza kwa nini shangazi yako bado anazuia watu kumwona Baraka, wakati uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, aliopandikizwa kule Dodoma umeshika na macho yake yameacha ule umanjano wa selimundu. Usidhani shangazi ana roho mbaya. Anachokilinda nakijua, ndicho ninachokitazama kwenye hadubini kila siku kazini.

Uloto uliotolewa kwenye nyonga ya dada yake ulikuwa na seli shina, zile zinazozaa chembe zote za damu. Baraka aliwekewa kwa mshipa, kama mtu anayeongezwa damu, nazo zikajitafutia njia hadi ndani ya mifupa na kuanza kuzaliana. Humo zinatoka chembe nyekundu, chembe sahani za kugandisha damu na kila aina ya chembe nyeupe, askari wa mwili. Wewe ulipokuwa tumboni mwangu, kazi hiyo kwa muda mrefu ilifanywa na ini lako, ndipo ikahamia mifupani.

Sasa, chembe nyeupe hazikomai kwa mwendo mmoja. Neutrofili ni za haraka. Ukipaka damu kwenye kioo na kuitia rangi ya Giemsa, utaona kiini chao kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kwa siku, maana hazidumu. Za Baraka zilirudi ndani ya wiki chache, ndiyo maana akaruhusiwa kutoka wodini.

Shida iko kwa limfosaiti, chembe nyeupe nyingine, zile ambazo kiini cha mviringo kinajaza karibu seli nzima. Limfosaiti B huanza kukomaa humo humo kwenye uloto. Limfosaiti T lazima zitoke zingali changa, ziende kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Wengi waliamini tezi hiyo haina kazi ya maana, mpaka 1961, mtafiti Jacques Miller alipoitoa kwa panya wachanga kule London na kuona kinga yao inaporomoka. Ndani yake kila seli hupimwa mara mbili: je, inazitambua alama za mwili wake? Na je, haitaushambulia mwili huo? Isiyotambua hufa, inayoshambulia nayo hufa. Katika kila 100, zinazotoka hai hazifiki 5. Katika yote niliyosoma chuoni, hakuna lililonishangaza kama hili.

Mchujo huo huchukua miezi mingi. Afadhali Baraka ni mtoto, kwa sababu thaimasi husinyaa mtu akishabalehe. Lakini kinga ya chanjo zake za zamani kwa sehemu kubwa imeondoka na uloto wa zamani, kwa hiyo atachanjwa upya. Chanjo ya pepopunda hutangulia, ila ya surua, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa kawaida husubiri kama miaka miwili. Hapo katikati, surua ya mtoto wa jirani inaweza kumuua.

Mkifunga shule, ukishuka Mbezi njoo kwanza nyumbani. Ukiwa na mafua au kikohozi, Mbagala kwa Baraka huendi, utaongea naye kwa simu yangu. Ukiwa mzima, oga, badili nguo za safari, twende wote jioni. Usimnunulie kachori za barabarani wala juisi ya miwa, hata akikubembeleza. Chukua karata, anasema safari hii lazima akufunge.

Mama yako