Macho ya watoto njiti yapimwe mapema

Mhariri,

Mjukuu wangu alizaliwa mimba ikiwa ya wiki 29. Alipotoka nasari, wodi ya watoto wachanga, tulipewa tarehe ya uzani na ya chanjo. Macho hakuna aliyeyataja. Kumbe kwa watoto hawa mishipa ya damu nyuma ya jicho haijakomaa, na oksijeni ikizidi huweza kuota ovyo na kuibandua retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Ukimtazama, jicho ni zima, tena lang'ara! Daktari wa macho ndiye huona, kama wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, na leza au sindano ikiwahi huokoa.

Sisi wa Lamu, kumfikia daktari huyo ni boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa. Basi tarehe ya kupimwa macho iandikwe kitabuni kabla mama hajatoka wodini.

Nyanya mtu,
Langoni, Lamu