Mwanafunzi apewe tepu kabla ya kanuni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, lawama za hisabati huwaangukia wanafunzi, kwamba ni wavivu, au walimu, kwamba hawafundishi. Sisi tunaona tatizo liko mahali pengine. Namba zote anazokutana nazo mwanafunzi zimeshapimwa na mtu mwingine. Kitabu kinampa pembetatu yenye pande 3, 4 na 5, anathibitisha kanuni ya Pythagoras, anapata vema, anafunga daftari. Kuitafuta hiyo 3 kwenye ardhi yenye mawe na mteremko hajawahi, na kazi yenyewe iko hapo.

Shule iliyo karibu na nyumba inayojengwa ina maabara ya bure. Fundi anapotaka kona ya msingi iwe skwea, yaani nyuzi 90 kamili, hupima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili, kisha husogeza kigingi hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe 5 kamili. Wanafunzi wanaweza kufanya hivyo uwanjani kwa vigingi vinne, kamba na tepu ya mita 30. Wapige ramani ya nyumba ya mita 9 kwa 12, na mwisho wapime mishazari, kona kwa kona. Yote miwili isome mita 15. Ikilingana peke yake haitoshi: umbo lenye upande mmoja mfupi kuliko ule wa mbele yake linaweza pia kuwa na mishazari sawa. Lazima pande zinazotazamana nazo zilingane, na hilo wanafunzi waligundue wenyewe kwa kuhamisha vigingi viwili.

Halafu wakosee kwa makusudi. Waache mshazari wa pembetatu ya 3 na 4 usome 5.05. Sentimita 5 zinaonekana si kitu, lakini kona imeshafunguka hadi nyuzi 91.2 hivi, na ukuta wa mita 12 unaoanzia hapo utaishia sentimita 25 nje ya mstari. Warudie kwa 6, 8 na 10, kosa likiwa lilelile la sentimita 5. Safari hii ukuta unatoka kwa sentimita 12 na nusu hivi. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia pembetatu kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Kidato cha pili ambao hawajasoma kosaini watapima tu kwa tepu, na wataona.

Vipimo vitagongana kati ya kundi na kundi. Vizuri. Mwalimu asikimbilie kusahihisha, awaulize sababu. Mara nyingi tepu ililegea katikati, au ilivutwa kufuata mteremko badala ya kulazwa sawa. Ardhi ikishuka mita 1 ndani ya mita 12 za tepu, umbali wa kweli ni mita 11.96, yaani sentimita 4 zimepotea. Wengine watakuwa wameanzia kwenye pete ya tepu wakati sifuri iko mbele kidogo. Kamba ya nailoni nayo hurefuka ikivutwa. Waya wa kufungia nondo ni afadhali.

Tuje kwenye zege, ambako hesabu mbaya hula fedha za mtu. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 4 kwa 3, unene sentimita 10, lina mita za ujazo 1.2. Kwa uwiano wa 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne), mwanafunzi atagawanya kwa 7, atakumbuka kuwa mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi, na atajibu mifuko 5. Akinunua hiyo, zege litamwishia njiani. Mchanga huingia kwenye nafasi kati ya kokoto, na simenti kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo vitu vikavu hupungua vikichanganywa. Mafundi huzidisha ujazo kwa 1.54 kwanza: 1.2 inakuwa 1.85, na mifuko inafika 8. Kwa ndoo ya lita 20, kila mfuko unataka ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto.

Mchanga wenye unyevu una hila yake, kwa sababu maji huzitenganisha chembe na ndoo hujaa kabla ya wakati. Wanafunzi wajaze mchanga huo kwenye chupa pana ya kioo hadi sentimita 20, waumwage pembeni, watie maji nusu chupa, waurudishe taratibu huku wakishindilia. Ukishuka hadi sentimita 16, umevimba kwa asilimia ngapi? Wengi watasema 20, kwa kuwa wamegawanya 4 kwa 20. Jibu ni 25, maana kinacholinganishwa ni mchanga halisi, sentimita 16. Hapo ndoo tatu na nusu zinapaswa kuwa nne na robo na ushee, la sivyo zege litapungukiwa mchanga na uwiano utaharibika. Hatujui zoezi la asilimia linalofundisha vizuri kuliko hili.

Tunawaomba walimu watoe alama kwa jedwali la vipimo na maelezo ya tofauti zake, si kwa jibu la mwisho peke yake. Mwanafunzi aliyeandika 14.97, 15.02 na 14.99 na akaeleza kwa nini, amefanya kazi kuliko aliyeandika 15 mara tatu. Na mkienda kwa fundi, nendeni siku ya kutandaza kamba au kupanga vigingi. Siku ya kumwaga zege hana nafasi ya kujibu maswali, kwani simenti ikishaguswa na maji huanza kushika.

Walimu wa hisabati na mafundi ujenzi,
Morogoro