Barua ya wazi kwa wenyeviti na wajumbe wapya wa mitaa: mhuri mnao, daftari liko wapi?

Wanangu wenyeviti na wajumbe wa serikali za mitaa mlioingia ofisini baada ya ule uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, marahaba, najua wengine hamjanipa shikamoo ila naitikia tu. Mi ni bibi yenu wa huku mabondeni Dar, nesi mstaafu, na nimewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa kabla wengi wenu hamjapata hata kitambulisho cha kupigia kura. Siku hizi kazi yangu kukaa barazani na kusoma mnayoposti kwenye grupu la mtaa, na huko naona mwenyekiti kakata utepe, mwenyekiti yuko na diwani, mwenyekiti kapiga suti, ila bado sijaona mtu kauliza mvua zikishuka tunafanyaje.

Neno langu ni moja ila ntalizungusha sana, nivumilieni. Kazi yenu ya kwanza ni kujua nani anaishi wapi. Daftari la wakazi. Sio lile kaunta buku lililochanika jalada ambalo mtendaji analitoa mtu akija kuomba barua ya benki, nasema daftari linalofuatwa nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, mwenye nyumba na mpangaji, na pembeni pameandikwa huyu mjamzito, huyu haoni, huyu mzee hatembei, hawa watoto wanashinda wenyewe mama yao yuko sokoni.

Najua kuna mtakaosema bibi si kulikuwa na sensa juzi tu 2022, ikatuhesabu milioni 61 na zaidi. Sawa, ila sensa inamsaidia mtu wa mipango kule Dodoma, haitakwambia saa nane ya usiku maji yamefika dirishani kwamba chumba cha nyuma pale karibu na kalavati kuna mama kajifungua wiki hii na mume yuko safari. Hilo ni la mtaa. Usipolijua wewe hakuna mwingine analijua.

Angalieni maafa yetu yalivyo. Desemba 2011 Dar ilipofurika, wakafa watu zaidi ya 40, waliowapandisha watu kwenye mapaa ya nyumba kule Jangwani na mabondeni kwingine usiku ule ni vijana wa jirani na kamba za kuanikia nguo, vikosi vikaja baadaye. Hanang kule Manyara nako, Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, kipande cha mlima kimemeguka, tope na mawe na magogo yakashuka mpaka Katesh mjini, wakafa watu zaidi ya 80, jeshi lilikuja na lilifanya kazi kubwa sana silipunguzii, lakini lile saa la kwanza ni la mwenye jembe aliye karibu. Na mwenye jembe anaanzia wapi kuchimba kama hajui nyumba ile walilala wangapi? Mtu anachimba pale alipopoteza mtu wake, haki yake, sasa yule mpangaji asiye na ndugu mjini nani anamchimbia.

Na daftari hilo hilo ndo litawaokoa nyie wenyewe siku ya pili, maana siku ya pili magodoro yanakuja, unga unakuja, viongozi wanakuja na kamera, na hapo ndo mtaona watu wa mtaa ambao hamjawahi kuwaona. Mtu anakaa gorofani mtaa wa tatu huko naye kaathirika. Orodha inaandikwa chini ya mwembe kwa haraka haraka, anayepiga kelele anaandikwa mara mbili na yule aliyeko hospitali na mtoto haandikwi kabisa. Halafu kuna hili la wapangaji, jamani, hili linaniuma, kila mafuriko mwenye nyumba anaandikwa kwa sababu nyumba ni yake, mpangaji anaambiwa wewe hamia kwingine si una miguu, wakati vitanda vilivyosombwa ni vya mpangaji, sare za shule ni za mpangaji, hata vyeti. Mkiwa na daftari lililosainiwa kabla ya mvua hamna wa kubishana nanyi. Mkiwa hamna mtaitwa wezi hata kama hamjala kijiko cha unga, na wengine mtakuwa mmekula kweli, tusidanganyane.

Sasa tuje kwenye mhuri, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri hata kama mnachati.

Mtu anakuja ofisini na mwenzake, wanauziana kiwanja. Mnaandika karatasi, mnasaini, mnagonga mhuri wa serikali ya mtaa, mnachukua ile asilimia 10 yenu. Msinikazie macho, kila mtu Dar anaijua hiyo asilimia 10, na kila waziri aliyepita amekemea, haiko kwenye sheria yoyote, ila tuiache kwanza. Swali langu ni kiwanja chenyewe kiko wapi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyie mnajua, mtendaji anajua, mwenye kuuza ndo anajua kuliko wote ndo maana anauza bei ya kutupa. Asiyejua ni yule kijana aliyetoka mkoani na akiba yake ya miaka, ye akiona mhuri wa serikali anasema basi ni halali, serikali imeona. Anajenga chumba na sebule, analeta mke, na kiangazi mto unaonekana kamfereji tu ka kutupia taka. Masika ikija mnaenda kumsaidia kutoa maji na ndoo na mnapiga picha. Mwanangu, kile chumba ulikijenga wewe na mhuri wako.

Sisemi hivyo kuwaonea. Huku Msimbazi sasa tumeona serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia imeanza kuliendeleza lile bonde, watu Jangwani wamelipwa fidia na nyumba zimevunjwa, na baada ya yale mafuriko ya 2011 watu walipelekwa mpaka Mabwepande kupewa viwanja. Yote hayo ni hela na machozi ya kurekebisha karatasi ndogo ndogo zilizogongwa na ofisi ndogo ndogo mwaka huu mbili mwaka ule tatu. Mkiamua leo kwamba ofisi yetu haisaini mauziano ya kiwanja cha ukingoni, hata mnunuzi alie, hata aliyekupigia kampeni akununie, mtakuwa mmezuia maafa bila kushika koleo. Na hakuna atakayewapongeza, niwaambie tu mapema, mafuriko ambayo hayakuua mtu hayaendi kwenye taarifa ya habari.

Barua za utambulisho nazo, ile elfu mbili ya karatasi, elfu tano ya wino, acheni. Mtu anayelipa ili aandikwe atakwepa kuandikwa, na asipoandikwa daftari lenu bovu. Najua hamna mshahara, mna posho, na posho inategemea halmashauri imekusanya nini na imekumbuka lini, hilo ni tatizo la kweli na madiwani wenu wanatakiwa walipigie kelele kwenye baraza badala ya kuwaachia mjilipe kwa wajane.

Nyie wajumbe msijifiche nyuma ya mwenyekiti. Na wananchi wengine bado wanachanganya, wanamwita balozi wa nyumba kumi mjumbe wa serikali, yule ni kiongozi wa shina wa chama, tangu vyama vingi virudi 1992 hana kiti ofisini kwenu kama balozi, ila nakwambia kwa kujua nyumba na watu anawashinda nyie wote, kwa hiyo mfuateni awasaidie kuandika. Tena mfuateni na imamu, na mchungaji, na mwenye duka la Mangi pale kona, huyo ndo anajua nani kahama bila kulipa.

Halafu msidhani serikali ya mtaa ni kitu kilichokuwepo tu kama jua. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilianza kufutwa, vijijini kwanza na mijini zikafuatia, kukawa na Madaraka Mikoani, kila kitu kikawa cha maofisa wa mkoa na wilaya. Miji ikachakaa, taka hazizolewi, vyoo vinafurika, na mwishoni mwa miaka ya 70 kipindupindu kikatuingilia. Wakati huo mi nesi mbichi kabisa, tunatundika dripu mpaka kwenye matawi, na nilichokiona ni kwamba ofisa wa mkoa hawezi kujua choo cha nani kinatiririkia kisima cha nani. Mwaka 1978 serikali ikarudisha halmashauri za miji, 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa ambazo ndo mnazitumia mpaka leo. Hata Katiba ibara ya 146 inasema mpo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, haijasema kupeleka mhuri.

Kipindupindu chenyewe bado kipo, Agosti 2015 kilianzia hapa hapa Dar kikasambaa nchini. Dawa ya maji mnaweza kuletewa na halmashauri ila nyumba isiyo na choo mnaijua nyie. Sitarefusha hapo, bwana afya wa kata yupo, mwiteni kabla watu hawajaanza kuharisha.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa zishuke mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mnayo? Wajumbe wake ni kina nani? Msiniletee ile kamati ya kwenye makaratasi ambayo mtu hajui kama ni mjumbe mpaka atafutwe na mwandishi wa habari. Mi nataka kamati inayojua vitu vya kijinga kabisa, ufunguo wa shule uko kwa nani usiku watu wakitakiwa kulala madarasani, nani ana toroli, nani ana kamba ndefu, nani anajua kuogelea kikweli sio wa kujisifia, nani anampigia TANESCO wakate umeme kabla maji hayajafika kwenye soketi, na gari la zimamoto likipigiwa 114 likija linapita wapi maana ule uchochoro mmeruhusu mtu ajenge fremu za maduka mpaka katikati ya njia. Nyumba ikiwaka hapo ndani gari litasimama barabara kubwa na mipira haitafika, na mtasema zimamoto wamechelewa.

TMA, wale watu wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari mnaifowadi kwenye grupu, vizuri, sasa bibi wa simu ya tochi anaipataje? Ile mvua ya El Niño ya 2023 kwenda 2024 walitangaza mapema tu, miezi kabla, na bado ilipofika Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge watu 155 wamefariki na zaidi ya laki mbili wameathirika, Rufiji na Kibiti mashamba yote maji. Tangazo lilikuwepo. Kilichokosekana sehemu nyingi ni mtu wa kugonga mlango. Kodini bodaboda na ile spika ya matangazo ya misiba, zungusheni jioni watu wakiwa nyumbani, ombeni kipaza sauti cha msikiti, na pale pa mtu asiyetembea aende kijana mwenye jina lake limeandikwa kwenye daftari, wewe fulani ni wa mzee fulani, mvua ikizidi unambeba.

Kuhusu siasa sitaki maneno mengi. Uchaguzi ule CCM ilichukua karibu viti vyote na wapinzani walilalamika sana wagombea wao kuenguliwa, na kuna majirani zenu mpaka leo hawasalimiani nanyi. Nyie sasa ni viongozi wa wote, hata wa yule aliyekatwa jina. Nendeni nyumbani kwake. Mtu aliyekuwa na nguvu ya kukusanya watu akagombea ndo mtu mnayemhitaji kwenye kamati ya maafa, na kama atakataa mara ya kwanza nendeni tena, mkiacha skafu za kijani nyumbani.

Itisheni mkutano wa mtaa, someni mapato na matumizi hata kama ni madogo yanatia aibu, halafu gaweni mtaa vipande vipande, kila mjumbe na nyumba zake za kuandika. Anzieni huku chini mtoni mpande juu, msianzie kwa wenye mageti. Mimi nimeshaandika majina ya vyumba vyote vya uchochoro wetu na umri wa watoto, karatasi iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, atakayekuja kuichukua aje na kalamu maana kuna wapangaji wawili wamehamia mwezi huu sijawapata majina yao vizuri. Mkutano uwe Jumapili mchana, sio Jumatatu asubuhi watu wako kazini, na mniwekee kiti chenye mgongo.

Bibi yenu,
mkazi wa bondeni, Dar es Salaam